Kano ya kisigino isiyopona: ngazi kila siku, au uzito mara tatu kwa wiki?

Mkimbiaji wa Kisumu au Nakuru ambaye kano ya kisigino imemuuma kwa miezi mitatu na zaidi huwa ameshaambiwa mambo yasiyopatana. Mwenzake wa mbio za alfajiri amemwambia apumzike mpaka iishe. Duka la dawa limempa vidonge vya diklofenaki na mafuta ya kuchua. Kocha amemwambia ashushe kisigino kwenye ngazi kila siku, asubuhi na jioni. Kijana wa jimu anasema mambo ya ngazi yamepitwa na wakati, abebe chuma. Na hakosi mtu aliyesikia kwamba Nairobi kuna sindano ya damu yako mwenyewe inayomaliza kazi kwa siku moja.

Makala haya ni ya kumsaidia mtu huyo achague. Nitasema mapema ninakoelekea: mazoezi ya kuipa kano mzigo ndiyo yenye ushahidi wa kutosha wa kuanza nayo, na njia mbili kubwa za mazoezi hayo zinakaribiana sana kwa matokeo. Basi jambo la kupima zaidi ni ipi kati yake utaweza kuifuata wiki 12 bila kukatiza, kwa vifaa ulivyonavyo na kwa saa unazotoka kazini. Wengi ninaowaona wakichechemea mwaka mzima walianza na njia nzuri kabisa, wakaiacha wiki ya nne.

Kabla ya kuchagua, gusa panapouma

Kano hii huanzia pale misuli miwili ya shavu la mguu inapoungana, ikashuka hadi kwenye mfupa wa kisigino. Ibane taratibu kwa vidole viwili, ukianzia chini kupanda juu. Kama panapouma ni sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, na pengine pamenenepa kama fundo, maumivu yako ni ya katikati ya kano. Hayo ndiyo yanayowapata wakimbiaji wengi. Kama panapouma ni palepale kano inaposhika mfupa, mahali ambapo ukingo wa kiatu husugua, maumivu yako ni ya kwenye mshikizo.

Tofauti hii ndogo inabadilisha zoezi lenyewe. Mwaka 2003 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya watu waliofanya zoezi moja la kushusha kisigino kwenye ngazi. Miongoni mwa walioumwa katikati ya kano, matokeo yalikuwa mazuri kwa asilimia 89. Miongoni mwa walioumwa kwenye mshikizo, yalikuwa mazuri kwa asilimia 32 tu. Mwaka 2008 kundi la pili lilifanyishwa zoezi hilo likiwa limesimama sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa wa vidole, na walioridhika wakafika asilimia 67. Sababu ni kwamba kisigino kikining'inia chini ya ngazi, kano hukandamizwa kwenye mfupa, na mshikizo unaouma hauvumilii kukandamizwa. Kwa hiyo kama maumivu yako ni ya pale chini, kila nitakaposema ngazi wewe soma sakafu, na uache pia kule kunyoosha shavu la mguu kwa kusukuma ukuta ambako wakimbiaji wengi hufanya kwa mazoea.

Si kila kisigino kinachouma nyuma ni kano. Kijana anayeamka visigino vyote viwili vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, na mgongo wa chini pia, amwone daktari kuhusu ugonjwa wa viungo. Na kama maumivu yalianza kwa mlio, kana kwamba mtu amekupiga teke kwa nyuma, lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu akuminye shavu la mguu. Unyayo usiposogea, kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyohiyo, wala usijaribu zoezi lolote kati ya haya.

Picha ya ultrasaundi au ya MRI haihitajiki ili kuanza. Kano huweza kuonekana imeharibika kwenye picha na mwenyewe hana maumivu, na aliyepona huweza kubaki na picha mbaya vilevile. Fedha hizo zina kazi nyingine.

Kwa nini kupumzika peke yake hakutoshi

Napita hapa haraka, lakini ni lazima nipite, kwa sababu ndiyo njia inayochaguliwa na wengi. Katika kano iliyouma kwa muda mrefu, nyuzi za kolajeni, ile protini inayoijenga kano, hupoteza mpangilio wake, kano hunenepa, na mishipa midogo ya damu na ya fahamu hupenya mahali isipokuwa kawaida. Uvimbe wa moto, ule unaotulizwa na diklofenaki au ibuprofeni, una nafasi ndogo. Vidonge vinaweza kukunyamazishia maumivu ya siku mbili, navyo havipangi upya uzi hata mmoja.

Ukipumzika wiki sita, maumivu hupungua kwa kuwa mzigo umeondoka. Nguvu ya kano na ya shavu la mguu nayo inashuka. Katika kukimbia, kano hii hubeba mara sita ya uzito wa mwili na zaidi kwa kila hatua. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 360. Unaporudi kupanda Riat kutoka Kisumu, au kutoka Milimani kuelekea ukingo wa Menengai kule Nakuru, mlima ni uleule na kano ni dhaifu kuliko ulipoacha. Ndipo mtu anaposema, "Nilipumzika vizuri, ikarudi siku ya kwanza." Siku tatu nne za kutuliza kano iliyochachamaa ni sawa. Baada ya hapo inataka kazi.

Njia ya kwanza: kushusha kisigino kila siku

Njia hii ilipata jina mwaka 1998, Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walipowapa mazoezi wakimbiaji 15 wa kujifurahisha waliokuwa wameshajaribu matibabu mengine bila mafanikio. Baada ya wiki 12 wote 15 walikuwa wamerudi kukimbia.

Unasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya miguu, mkono ukishika ukuta. Unapanda juu kwa mguu mzima, unahamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha unashusha kisigino polepole mpaka chini ya usawa wa ngazi. Kupanda tena unatumia mguu mzima. Mara 15 kwa seti tatu goti likiwa limenyooka, halafu mara 15 kwa seti tatu goti likiwa limekunjwa kidogo, ili msuli wa ndani wa shavu, unaoitwa soleasi, nao ufanye kazi. Asubuhi na jioni, siku saba za wiki, wiki 12. Hesabu yake ni kushuka mara 180 kwa siku.

Maumivu yanaruhusiwa. Katika mpango wa awali mtu aliambiwa aendelee hata kama panauma, ilimradi maumivu yasimfanye ashindwe kabisa. Zoezi likishakuwa jepesi unavaa mkoba wenye uzito mgongoni. Hili la mwisho husahaulika mno. Nimeona watu wakishusha kisigino bila mzigo wowote wiki baada ya wiki, halafu wakasema zoezi limeshindwa. Kano iliyozoea kilo 60 haina sababu ya kuimarika kwa kupewa kilo 60 zilezile.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haidai chochote. Ngazi za ploti zinatosha, au kizingiti cha mlango, au tofali mbili zilizokaa imara. Mwanafunzi wa Maseno anaweza kuifanya hosteli, na mama wa Kondele akaifanya sufuria ikiwa jikoni. Ubaya wake ni ile asubuhi na jioni isiyokoma. Anayetoka Nakuru kwa matatu ya saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku atafanya siku tano, atakosa mbili, kisha itakuwa nne na tatu, na taratibu itakufa.

Njia ya pili: uzito mkubwa, mwendo wa pole

Hii ilitoka Denmark. Ilijaribiwa kwanza kwenye kano ya goti, kisha mwaka 2015 Rikke Beyer na wenzake wakailinganisha na ile ya Alfredson kwa wagonjwa 58 wa kano ya kisigino. Mtu anafanya mara tatu tu kwa wiki, akiruka siku katikati. Mazoezi ni matatu: kupandisha visigino umekaa na mzigo juu ya magoti, kupandisha ukisukuma mashine ya miguu magoti yakiwa yamenyooka, na kupandisha umesimama na chuma mabegani. Kila mara moja huchukua sekunde 6, tatu kupanda na tatu kushuka. Mtu akizihesabu kwa kweli, bila kuziharakisha, hugundua kwamba uzito aliouona mwepesi si mwepesi.

Mzigo hupanda kwa ngazi maalumu. Wiki ya kwanza unatumia uzito unaoweza kuupandisha mara 15, mara ya kumi na sita ukushinde. Wiki ya pili na ya tatu ni uzito wa mara 12, ya nne na ya tano mara 10, ya sita hadi ya nane mara 8, na kuanzia ya tisa hadi ya kumi na mbili uzito wa mara 6. Seti ni tatu au nne kwa kila zoezi.

Siku za katikati zina kazi yake. Baada ya mzigo mzito, kwa saa 24 hadi 36 za mwanzo ubomoaji wa kolajeni huzidi ujenzi; ujenzi ndio unaoshinda baadaye. Anayerudia mzigo mzito kila siku anaingilia kabla fundi hajamaliza ukuta.

Sasa, jimu haiko kila mtaa, na ada yake si ya kila mfuko. Nyumbani unaweza kuianza njia hii hivi. Chukua mkoba wa mgongoni ulio imara na pakiti za unga za kilo 2. Pakiti tano ni kilo 10, kumi ni kilo 20. Simama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, upande na kushuka kwa sekunde zako 6. Rudia goti likiwa limekunjwa. Kwa zoezi la kukaa, weka sehemu ya mbele ya unyayo juu ya tofali na gunia la mchanga juu ya goti, ukiweka blanketi katikati. Jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji nayo ni kilo 20, ila huteleza, kwa hiyo mtu akushikie.

Mkoba unakufikisha mbali, lakini kwa mkimbiaji aliyezoea hautakufikisha mwisho. Mtu mwenye miguu yenye nguvu ataupandisha mkoba wa kilo 20 mara 10 au zaidi, na ule uzito wa mara 6 unaotakiwa wiki za mwisho hauingii kwenye mkoba wa shule. Pendekezo langu ni kuanza nyumbani kwa wiki tano, kisha kulipia jimu ya mjini kwa wiki saba zilizobaki, siku tatu kwa wiki. Mashine ya kusukuma kwa miguu pekee inatosha kukumalizia kazi nyingi.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Kushusha kila siku | Uzito mara tatu kwa wiki |
|---|---|---|
| Muda kwa wiki, katika utafiti wa 2015 | dakika 308 | dakika 107 |
| Waliofuata ratiba | asilimia 78 | asilimia 92 |
| Walioridhika wiki ya 12 | asilimia 80 | asilimia 100 |
| Maumivu na uwezo baada ya mwaka | nafuu kubwa | nafuu kubwa, bila tofauti ya maana |
| Vifaa | ngazi na mkoba | jimu, au mkoba kisha jimu |

Soma safu mbili za juu pamoja na ile ya nne. Walioshusha visigino kila siku walitumia zaidi ya saa tano kwa wiki, wenzao chini ya saa mbili, na mwaka ulipokwisha kano zilikuwa zimepata nafuu inayolingana. Mimi nikiulizwa na mtu mwenye kazi, watoto na njia ya kufika jimu, namwambia achukue uzito. Nikiulizwa na mtu wa kijijini karibu na Bondo au Mumias asiye na jimu, namwambia achukue ngazi bila kujiona ameokota makombo, mradi mkoba unaongezeka pakiti moja kila zoezi linapokuwa jepesi.

Kuna mtu wa tatu pia, yule ambaye hata kushuka mara 15 kunamuuma kupita kiasi. Huyo asianze na yoyote kati ya hizi mbili. Apande kwa miguu yote miwili sakafuni, abaki juu sekunde 45, apumzike dakika mbili, arudie mara tano, kila siku kwa wiki moja au mbili. Kushikilia hivi hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu, si kwa wote, ila humpa kila mmoja mahali pa kuanzia.

Je, niendelee kukimbia?

Hili ndilo swali linalowaumiza wakimbiaji kuliko kano yenyewe. Kumwambia mtu anayekimbia kila alfajiri aache miezi mitatu ni kumwondolea kitu kikubwa maishani mwake, na kwa vijana wa huku wanaotafuta riziki kwa miguu ni kumwondolea hata tumaini la karo.

Karin Grävare Silbernagel na wenzake, pia wa Sweden, walilijibu mwaka 2007. Waliwagawa wagonjwa 38 makundi mawili, wote wakifanya mazoezi ya kano. Kundi moja liliacha kukimbia na kuruka kwa wiki sita za mwanzo. Jingine liliendelea, kwa kufuata kipimo cha maumivu. Mwaka mmoja baadaye makundi yote yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na walioendelea kukimbia hawakudhurika.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Sifuri ni kutouma kabisa, kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuwaza. Wakati wa kukimbia maumivu yanaruhusiwa kufika 5. Baada ya kukimbia yanaweza kufika 5, lakini kesho asubuhi yawe yameshuka. Na ukakamavu wa asubuhi usiongezeke wiki hadi wiki. Kati ya masharti haya, la asubuhi ndilo ninaloliamini zaidi, kwa kuwa kano ina tabia ya kulegea ukishapata joto ikakudanganya uko sawa. Ziandike namba hizo kwenye daftari kila siku: maumivu ya mbio, maumivu ya asubuhi, na kilo ulizobeba.

Kwa mkimbiaji wa huku, kufuata kipimo maana yake ni kubadilisha njia kabla ya kubadilisha kilomita. Kupanda mlima huivuta kano zaidi, kwa kuwa kisigino hushuka chini ya vidole kwa kila hatua. Spidi na mbio za vidole nazo huongeza mzigo. Kisumu ina bahati ya tambarare: barabara ya Dunga kando ya ziwa, au ile iendayo Ahero. Nakuru, Kakamega na Kisii hazina tambarare ya kutosha, kwa hiyo tafuta uwanja wa shule au wa kaunti na uzunguke, ukibadilisha upande kila baada ya mizunguko michache. Siku ya mbio ndefu isikutane na siku ya uzito mkubwa. Wiki ya mtu inaweza kuwa uzito Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, mbio za pole Jumanne, Alhamisi na Jumapili asubuhi, Jumamosi kupumzika.

Vinavyouzwa pembeni

Kipande cha kuinua kisigino ndani ya kiatu ndicho cha bei nafuu kuliko vyote, na ningependa kingejulikana zaidi. Utafiti wa Australia wa mwaka 2021 uliwapa nusu ya watu 100 vipande vya milimita 12, nusu nyingine mazoezi ya kushusha kisigino. Baada ya wiki 12 wenye vipande walikuwa na maumivu machache na uwezo mkubwa zaidi. Mimi sisomi hapo ruhusa ya kuacha mazoezi, kwa kuwa kipande hakimpi mtu nguvu ya kupanda Riat, ila ni nafuu ya haraka inayofaa kwenda pamoja nayo, hasa kwa wenye maumivu ya mshikizo. Fundi viatu anaweza kukukatia kwa mpira mgumu. Weka kwenye viatu vyote viwili ili nyonga zisipinde. Kwa hoja hiyohiyo, huu si msimu wa kununua raba bapa zisizo na kisigino pale Kibuye, hata zikiwa mpya na za bei ya kutupa.

Mashine ya mawimbi ya mshtuko, inayopiga kano kwa mawimbi kutoka juu ya ngozi, ina ushahidi kiasi. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2009 ulionyesha mazoezi pamoja na mawimbi yakishinda mazoezi peke yake kwa maumivu ya katikati ya kano. Ni ya kufikiria miezi mitatu ikipita bila nafuu, na kama inapatikana karibu. Kwenda na kurudi Nairobi kwa vikao kadhaa ni gharama ambayo jimu ya mwaka mzima huenda isiifikie.

Ile sindano ya damu yako mwenyewe, yaani ya plazima, sehemu ya majimaji ya damu, haijathibitika. Uholanzi waliijaribu mwaka 2010 kwa watu 54 wakiilinganisha na maji ya chumvi, Uingereza mwaka 2021 kwa watu 240 wakiilinganisha na sindano ya bandia. Mara zote mbili haikuzidi. Sitamshauri mtu yeyote auze mbuzi kwa ajili yake. Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, hupunguza maumivu kwa muda mfupi, lakini ikiingia kwenye kano yenyewe inahofiwa kuidhoofisha hata ikatike. Usikubali kudungwa hapo na mtu asiyeona sindano inaenda wapi kwa ultrasaundi.

Kuchuliwa kwa mafuta na maji moto hakuna neno, mradi pasichuliwe kwa nguvu pale penye fundo. Shavu la mguu huhisi ahueni, basi.

Kuhusu dawa nina jambo la kusisitiza. Siprofloksasini, ile "cipro" inayouzwa huku kwa taifodi, kuhara na mkojo unaochoma, mara nyingi bila hata kipimo, ni ya kundi la antibiotiki linalojulikana kuumiza kano na hata kuzikata, na ya kisigino ndiyo inayopatwa zaidi. Marekani waliweka onyo la ngazi ya juu kwenye dawa za kundi hilo mwaka 2008. Hatari huongezeka kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wanaotumia steroidi. Kama maumivu yako yalianza siku au wiki chache baada ya kuinywa, mwambie daktari. Na ukienda kutibiwa taifodi, taja kwamba una kano inayouma ili upewe nyingine ikiwezekana.

Upasuaji ni mlango wa mwisho, baada ya miezi sita au zaidi ya mazoezi ya kweli. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikwenda Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 kano ikimsumbua, akamshinda Paul Tergat wetu kwa sekunde 0.09 kwenye mita 10,000, kisha akapasuliwa. Yeye alikuwa na timu nzima ya kumrudisha. Wewe, kabla ya kisu, hakikisha mzigo uliobeba kwenye mazoezi ulikuwa mzigo hasa.

Wiki ya 12 na baada yake

Usitarajie tarehe ya kupona. Wengine huona tofauti wiki ya sita, wengine mwezi wa sita. Walipofuatiliwa miaka mitano baadaye, waliotumia njia ya Alfredson walikuwa na hali nzuri zaidi kwa jumla, lakini wasiokuwa na maumivu hata kidogo walikuwa takriban wanne kati ya kumi. Ndiyo maana mazoezi hayaachwi maumivu yakiisha. Punguza hadi mara moja au mbili kwa wiki, uzito ukiwa uleule, msimu mzima.

Rudisha mbio kwa mpangilio: kwanza urefu wa tambarare, halafu mlima mfupi, halafu mlima mrefu, na spidi iwe ya mwisho kabisa. Kila kimoja kipewe wiki mbili za asubuhi tulivu kabla ya kinachofuata. Anayetaka kukimbia nusu marathoni ahesabu wiki hizo zote kabla ya kulipa kiingilio.

Wiki 12 zikipita na namba zako za asubuhi hazijashuka, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali za rufaa za Kisumu na Nakuru zina idara hizo. Aangalie tena kama ni kano kweli, na kama ni ya katikati au ya mshikizo. Akupimie pia sukari na mafuta ya damu kupitia daktari, kwa kuwa vyote viwili huathiri kano. Nenda na lile daftari. Kitu cha kwanza atakachotaka kuona ni kama kilo zilipanda kati ya wiki ya kwanza na ya mwisho.